Mwongozo kamili: jinsi ya kuzuia kontena la duka au nyumba lisiliwe na kutu Dar es Salaam

Kila masika yakiisha napokea swali lile lile: "Fundi, kontena nimelipaka rangi mwaka juzi tu, mbona sakafu inabonyea?" Aliyeuliza jana ana duka Mbagala, wa wiki iliyopita ana vyumba viwili Kunduchi, na wote wamekosea mahali pamoja. Walipaka ukuta. Kontena haliozi kuanzia ukutani. Huoza chini ya sakafu na juu ya paa, ambako mwenye nalo hapitishi jicho.

Nimeandika hatua hizi kwa kontena la futi 20 au 40 linalowekwa kuwa duka, ofisi au chumba, ndani ya Dar es Salaam. Zifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu kazi ya hatua ya 3 haifanyiki tena kirahisi kontena likishakaa mahali pake.

## Andaa hivi kabla ya kumwita fundi

Kwa msingi: saruji, kokoto, nondo, mchanga wa machimbo au wa mto, vipande vinne vya bamba la chuma, na raba nene au lami ya karatasi ya kutenganisha chuma na zege.

Kwa kutu na rangi: grinda yenye brashi ya waya ya kikombe, msasa, skrepa, sabuni ya unga, maji yasiyo na chumvi, praima ya epoksi yenye zinki, epoksi ya kati, rangi ya juu ya poliyurethani, tina ya kampuni iliyotengeneza rangi hiyo hiyo, rola na brashi.

Kwa paa na matobo: mabati, mabomba ya mraba ya chuma, mashine ya kuchomelea, na silikoni ya nje.

Kwa usalama wa fundi: miwani, glavu na barakoa ya vumbi yenye chujio. Rangi za zamani za makontena zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake likiingia mapafuni halina dawa ya maziwa kama wengi wanavyoamini. Watoto wasiwepo eneo la kazi siku ya kukwangua.

Hesabu ya rangi: nje ya kontena la futi 20, kuta nne na paa, ni kama mita za mraba 59 ukipima bapa. Mabonde ya bati lake yanaongeza eneo, kwa hiyo nunua rangi ya mita 70. Soma kwenye kopo lita moja inafunika mita ngapi, kisha gawanya. Usikubali hesabu ya "ndoo mbili zinatosha".

Kitu cha mwisho cha kuandaa ni kibali. Nenda halmashauri ya manispaa yako na serikali ya mtaa, na uhakikishe kiwanja hakigusi hifadhi ya barabara. Kontena lililopigwa alama ya X nyekundu haliokolewi na rangi yoyote.

## Hatua ya 1: Chagua kontena kwa nyundo, usichague kwa macho

Yadi nyingi huyapaka rangi upya makontena kabla ya kuyauza. Rangi mpya inang'aa, nawe unalipa. Fanya vipimo hivi vinne, nusu saa inatosha.

Ingia ndani mchana wa jua, mwambie mtu afunge milango yote miwili, kisha simama kimya mpaka macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la maji. Angalia dari kwanza, halafu pembe za sakafu.

Toka, lala chini, mulika kurunzi uvunguni. Utaona boriti nyembamba za chuma zilizopangwa kwa upana, ndizo zinazobeba sakafu. Gonga kila moja kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti butu, na magamba yanaanguka. Boriti moja au mbili zinabadilishika. Zikiwa tano, achana nalo.

Fungua na ufunge mlango. Ukigoma, huenda fremu imepinda, na fremu iliyopinda hainyooshwi na fundi wa mtaani.

Mwisho, soma kibati kilichopigiliwa mlangoni chenye maandishi ya CSC, yaani kibati cha usalama wa kontena. Kina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Kwa kawaida makontena hutumika baharini miaka 10 mpaka 15 ndipo yanauzwa, kwa hiyo umri peke yake usikutishe. Mimi nachukua la miaka 14 lenye uvungu mzima kuliko la miaka 8 lililobeba chumvi au ngozi mbichi. Kibati hicho au kilicho jirani yake hueleza pia dawa ya wadudu iliyowekwa kwenye mbao za sakafu. Kama mtu atalala humo, kumbuka hilo tukifika hatua ya 6.

## Hatua ya 2: Msingi wa pembe nne, na hewa chini yake

Hapa ndipo makontena mengi ya Dar yanapouawa, na nitakaa hapa kidogo.

Niliitwa Kigamboni, si mbali na ufukwe, kuangalia duka la vinywaji. Nje lilikuwa bluu safi, rangi haina hata mkwaruzo. Lilikuwa limelazwa moja kwa moja juu ya mchanga, na mwenye nalo alijenga tofali mbili kuzunguka chini ili lipendeze na panya wasiingie. Nikatoa tofali tatu nikaingiza mkono. Mle ndani mlikuwa na joto lenye unyevu, kama ukifunua sufuria ya wali. Niligonga boriti ya kwanza, magamba yakaanguka kama gome la mkorosho mkavu. Ya pili nyundo ikapita upande wa pili. Juu yake lilikuwa friji lililojaa soda, na plaiwudi ilikuwa imevimba mpaka mguu mmoja wa friji umezama. Yule mama alikuwa ametumia fedha nyingi kupaka ukuta mara mbili.

Kontena limetengenezwa libebwe kwenye pembe nne. Zile pembe nene za chuma zenye matundu zimejitokeza kidogo kwa chini ili boriti za sakafu zibaki hewani. Ukililaza kwenye mchanga, umeondoa hiyo nafasi, na maji ya mvua hayana pa kukaukia.

Chimba mashimo manne mpaka ufikie ardhi ngumu, kila moja angalau sentimita 60 kwa 60. Kwenye mchanga mlegevu wa pwani au udongo mweusi unaopasuka kiangazi, nenda chini zaidi na uongeze upana. Weka nondo, mimina zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kisha inua nguzo fupi mpaka kontena litakapokaa sentimita 40 au zaidi juu ya ardhi. Uliza majirani maji ya mvua kubwa yaliwahi kufika wapi, na upite alama hiyo. Ukiwa mabondeni kando ya Msimbazi, usiweke kontena kabisa.

Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kama ni wa bure, na zege lisichanganywe kwa maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi inakula nondo ndani ya zege na nguzo inapasuka ukiwa umeshasahau kazi hiyo.

Sawazisha vichwa vya nguzo zote nne kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu unaoonyesha usawa wa maji kwenye ncha zake mbili, si kwa kukadiria. Pima maji fupi haitoshi kwa umbali wa mita 6, achilia mbali 12. Mwagilia zege siku saba mfululizo, na usipakie kontena kabla ya siku 14. Zikifika 28 ni bora zaidi.

Juu ya kila nguzo weka bamba la chuma lililopakwa rangi, na kati yake na zege tandika raba au lami ya karatasi. Kontena la futi 40 utakalokata kuta zake liongezee nguzo mbili katikati, moja kila upande.

Utajua umefaulu hivi: mlango unafunguka kwa mkono mmoja, na ukiinama upande mmoja unaona miguu ya mtu aliyesimama upande wa pili. Ukitaka kuziba panya, tumia wavu wa chuma. Tofali hapana.

## Hatua ya 3: Tibu uvungu kabla ya kuliweka kwenye nguzo

Kontena likifika, lisipelekwe moja kwa moja kwenye nguzo. Lishushwe kwanza juu ya magogo mazito au stendi za chuma, urefu ambao mtu anaweza kuingia na kufanya kazi. Asiingie mtu chini ya kontena linaloning'inia kwenye kreni, hata kwa dakika moja. La futi 20 likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani 2, na la futi 40 linakaribia tani 4.

Kwangua magamba yote, osha kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni, acha likauke, paka praima ya epoksi, kisha funika kwa epoksi nene au rangi ya lami. Weka bidii kwenye maungio ya boriti na fremu, ndiko maji yanakojificha. Uvungu hauchomwi na jua, kwa hiyo hauhitaji rangi ya juu ya bei.

Kazi hii ni ya siku mbili. Ukiiruka, utakuja kuifanya ukiwa umelala chali.

## Hatua ya 4: Kata matobo ya milango na madirisha mapema

Uchomeleaji wote umalizike kabla ya rangi ya kuta. Sababu iko wazi: moto unachoma rangi pande zote mbili. Fundi huja kurekebisha upande wa nje unaoonekana, na upande wa ndani unabaki mtupu nyuma ya jipsamu. Miaka mitatu baadaye kutu inatokea nje na kila mtu analaumu rangi.

Ukuta wa kontena ni bati la unene wa karibu milimita 2, na nguvu yake inatoka kwenye yale mabonde. Ukilikata umepunguza nguvu. Basi chomelea kwanza fremu ya bomba la mraba kuzunguka tobo, ndipo ukate. Nguzo za pembe na reli ya juu zisiguswe. Mtu akitaka kuondoa ukuta mzima wa pembeni ili aunganishe makontena mawili, amwite mhandisi, maana kontena la futi 40 lisilo na ukuta linanepa katikati.

Mstari wa kuchomelea uwe mfululizo, bila vidoti vya hapa na pale. Nafasi kati ya vidoti hufyonza maji na kuyashikilia. Juu ya kila dirisha chomelea kingio la mvua lenye mteremko, upana wa vidole vinne unatosha.

Mwaga ndoo mbili za maji juu ya kila fremu kabla ya kupaka rangi. Ndani pakiwa pakavu, endelea.

## Hatua ya 5: Rangi, kwa saa zinazofaa

Chuma cha kontena kimetengenezwa kijikinge chenyewe kwa ganda la kutu linaloshikamana. Ganda hilo linahitaji kulowa na kukauka kwa zamu. Kwenye hewa yenye chumvi na unyevu wa pwani halitulii, linaendelea kula. Kama unaishi Msasani, Kunduchi au Kigamboni, angalia kioo cha dirisha lako asubuhi baada ya usiku wa upepo, utaona ukungu mweupe unaonata. Hicho ndicho kinachokaa kwenye kontena lako kila siku.

Kwa hiyo osha kabla ya kukwangua, na uoshe tena baada ya kukwangua. Ukikwangua chumvi ikiwa bado ipo, brashi inaisukumiza kwenye chuma na rangi inaifunika hai. Malengelenge utakayoyaona mwaka ujao yametoka hapo.

Maji ya kuoshea yaonje kwanza. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na mtu anajiona anasafisha kumbe anapaka chumvi mpya. Tumia maji ya DAWASA au ya mvua.

Kwangua mpaka kutu yote iliyolegea itoke na chuma kionyeshe rangi yake, lakini usikilainishe king'ae kama kioo, praima haitashika. Kwa jengo lililo jirani kabisa na bahari ningelipia kupuliza mchanga badala ya brashi. Gharama ni kubwa, ila brashi haifiki kwenye vishimo vidogo.

Kuhusu saa: alfajiri chuma kinakuwa na umande usioonekana. Anza kama saa tatu asubuhi ukuta ukiwa umekauka kabisa, na acha saa kumi jioni. Saa sita mchana usipake upande unaochomwa na jua, rangi inakauka juu kabla ya kushika chini. Zunguka na kivuli. Chuma kilichokwanguliwa kipakwe praima siku hiyo hiyo, kisilale uchi hata usiku mmoja.

Mpangilio ni huu:

1. Brashi kwanza kwenye kingo, boliti na mistari ya kuchomelea. Rola huacha rangi nyembamba kwenye kingo, na kutu huanzia huko.
2. Praima ya epoksi yenye zinki, kote.
3. Epoksi ya kati, mkono (tabaka) mmoja au miwili.
4. Poliyurethani juu, rangi nyeupe au ya kung'aa kidogo. Epoksi ikiachwa wazi juani inageuka unga.

Rangi hizi ni za makopo mawili ya kuchanganya. Fuata uwiano ulioandikwa, changanya kiasi cha kumaliza haraka kwa sababu joto la Dar linaigandisha mapema, na usikubali mtu aipunguze kwa petroli au mafuta ya taa. Nimeona rangi ya bei ghali ikibanduka kama ngozi ya nyoka kwa lita moja tu ya petroli.

Praima nyekundu ya kawaida ya kutu je? Kwa Kimara au Mbezi Luis, kilomita kadhaa kutoka baharini, inaweza kukusogeza ukiwa tayari kurudia mara kwa mara. Karibu na ufukwe, usijidanganye. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12944 kinahesabu mazingira ya pwani yenye chumvi nyingi kuwa daraja la C5, na mfumo wa rangi wa daraja la uimara linaloitwa "high" kwenye kiwango hicho unalengwa kukaa miaka 15 mpaka 25 kabla ya matengenezo makubwa ya kwanza. Kopo moja la rangi ya mlango halifiki huko.

Mfumo mzima ukishakauka siku saba, kata alama ndogo ya X kwa wembe sehemu iliyojificha, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Isitoke na kipande cha rangi. Paka tena hiyo alama.

## Hatua ya 6: Paa la pili, halafu ndani

Bati la juu la kontena hubonyea kirahisi likikanyagwa, na kila kibonyeo ni dimbwi. Usilikanyage ovyo. Ukitaka kupanda, tandika ubao.

Jenga paa la mabati juu yake, lenye nafasi ya hewa ya sentimita 30 au zaidi, na lining'inie nje ya kuta nusu mita. Linazuia mvua, linaondoa jua la moja kwa moja, na wapangaji wako watakuombea. Nguzo zake zishikwe kwenye pembe za chuma au ardhini. Usitoboe paa la kontena kwa skrubu, kila tundu ni mlango wa maji. Weka mfereji unaopeleka maji mbali na msingi.

Ndani, adui ni jasho. Usiku anga likiwa wazi bati linapoa, pumzi na mvuke wa chai vinagota juu na kudondoka. Kizuia joto kigandamane na chuma bila nafasi: povu la kupuliza au mbao za povu zilizogundishwa vizuri. Magodoro ya sponji na nguo kuukuu zinashika maji, zikae mbali. Povu linashika moto haraka, lifunikwe na jipsamu, na asichomelee mtu chochote tena baada yake. Acha matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu upande wa pili.

Sakafu ya chumba cha kulala: ng'oa plaiwudi ya zamani, au izibe kwa mikono miwili ya epoksi ili dawa isipande. Dukani, weka trei chini ya kila friji.

Umeme uachie fundi mwenye leseni, na usimlipe kabla hujaona kwa macho waya wa ethi umefungwa kwenye mwili wa kontena na fimbo imezikwa ardhini, pamoja na swichi ya kukata umeme unapovuja. Nyumba ya chuma yenye waya uliochubuka inaua mtu anayeegemea tu mlango.

## Hatua ya 7: Siku mbili kwa mwaka

Mwisho wa Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli, chukua ndoo, nyundo ndogo, kurunzi na kopo la praima.

Osha kuta kwa maji yasiyo na chumvi. Walio ufukweni wafanye hivyo kila mwezi. Safisha mfereji na toa majani chini ya paa la pili. Pitisha mkono kwenye raba za mlango, zilizopasuka zibadilishwe. Kisha lala chini, gonga boriti zote kama ulivyofanya yadi. Doa la kutu lenye ukubwa wa sarafu likwangue na ulipake siku hiyo hiyo. Likiachwa mpaka Septemba utalikuta kama sahani.

Andika tarehe kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango kila unapomaliza. Kuna kontena Tegeta, duka la fundi cherehani, lina safu ya tarehe tisa upande wa kushoto wa mlango, na nilipogonga uvungu wake mara ya mwisho boriti zote zililia kengele.